Historia ya Jengo la Nyota la Samarkand

Mwaka 1409 Shah Rukh alimkabidhi mji wa Samarkand mwanawe Ulugh Beg, kijana wa miaka 15. Mjukuu huyu wa Timur hakuwa na uchu wa babu yake wa kuteka nchi za watu; moyo wake ulikuwa kwenye hesabu. Mwaka 1420 madrasa yake ya Registan ilikuwa imekwisha, na wanafalaki wakaitwa, miongoni mwao Kadhi Zada al-Rumi na Jamshid al-Kashi. Al-Kashi alimwandikia baba yake akimsifu mtawala anayepiga hesabu ya mahali pa jua kichwani, huku amepanda farasi.

Katika miaka hiyohiyo, juu ya kilima nje ya mji, likajengwa jengo la mviringo la ghorofa tatu. Ndani yake mlikuwa na tao kubwa, nusu-kipenyo chake mita 40 hivi, na sehemu ya chini ilichimbiwa mwambani. Jua la adhuhuri liliingia kwa tundu la juu na kuangukia tao. Wanafalaki wakasoma alama pale mwanga ulipotua. Digrii moja ilichukua karibu sentimita 70, ndiyo maana hata sehemu ndogo ya digrii iliweza kusomwa kwa macho matupu, karne mbili kabla ya darubini.

Al-Kashi alifariki 1429, kazi haijaisha. Ali Qushji alikuwa miongoni mwa walioiendeleza, na majedwali ya nyota yakatimia 1437: nyota 1,018, na mwaka wa nyota (muda wa jua kurudi mahali palepale kati ya nyota) wa siku 365, saa 6, dakika 10 na sekunde 8. Vipimo vya leo vinaonyesha wamezidisha kwa sekunde 58 tu.

Mwaka 1449 Ulugh Beg aliuawa kwa amri ya mwanawe, Abd al-Latif. Jengo likaachwa, likabomoka, hata mahali pake pakasahaulika. Majedwali yalinusurika: Ali Qushji aliishia Istanbul na elimu yake, na mwaka 1665 orodha ya nyota ikachapishwa Oxford.

Kilima chenyewe kilipatikana kwa hati ya wakfu. Mwanaakiolojia Vassily Vyatkin aliisoma mipaka ya shamba iliyotajwa humo, na mwaka 1908 akachimba. Kuta za juu zilikuwa zimekwisha, lakini lile tao la chini lilikuwamo bado mwambani, na alama za digrii zikisomeka kwenye marumaru.