Uzee ulianza kuchunguzwa ku mifugo: pesa zilitoka wapi?

Wandugu, siye wa agronomia tumezoea kuchekwa kama watu wa jembe na mbuzi. Bon, mujue hii: moja ya kazi kubwa za kwanza juu ya kuzeeka haikutoka ku hospitali. Ilitoka mu idara ya ufugaji ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Clive McCay, mwalimu wa lishe ya wanyama, alipunguzia panya chakula, lakini vitamini na madini akawaachia. Mwaka 1935 yeye na wenzake walitangaza matokeo: madume waliopunguziwa waliishi kwa wastani zaidi ya siku 800, wenzao walioshiba karibu siku 500. Kwa majike hakukuonekana tofauti kubwa.

Sasa fikirini upande wa pesa. Jaribio la maharagwe unavuna kisha miezi mitatu. Hili, unangoja panya afe! Nani atalipa miaka yote ile? Serikali ya Marekani mwaka ule ule wa 1935 ilipitisha sheria ya pensheni ya wazee, lakini kutafuta juu ya nini mwili unazeeka, hiyo haikuhesabiwa kuwa kazi yake. Mashirika ya hisani njo yaliingia. Rockefeller Foundation ilimsaidia McCay kuendelea.

Linalonishangaza zaidi ni Josiah Macy Jr. Foundation. Mama mmoja tajiri, Kate Macy Ladd, ambaye mwenyewe aliugua miaka mingi, aliianzisha mwaka 1930 kwa dola milioni 5, akaipa jina la baba yake aliyekufa angali kijana. Mwaka 1937 ilisaidia mkutano wa wataalamu mu Woods Hole, na mwaka 1939 kikatoka kitabu kikubwa, Problems of Ageing, chini ya Edmund Cowdry. Kisha ikafanya kitu ambacho kwetu tungekiona kinyume: ikapatia serikali ya Marekani pesa ili serikali ianze kitengo kidogo cha kuchunguza uzee. Nathan Shock alikiongoza kuanzia 1941, mu Baltimore. Mwaka 1958 kitengo hicho kikaanza kufuata watu wazima wenye afya, kuwaita tena na tena miaka ikipita, kupima mioyo, mapafu, figo. Taasisi ya taifa ya uzee yenyewe ilikuja 1974 tu.

Sisifu kila kitu. Mpaka 1978 mule mulikuwa wanaume tu, wengi wao wazungu wenye masomo na hali nzuri. Miaka 20 bila mwanamke hata mmoja, na wanawake njo wanaozeeka kwa wingi kuliko wanaume! Lakini pesa wakati ule zilikuwa tayari za serikali, kwa hiyo tusitupie matajiri wa hisani peke yao.

Pamoja na hayo, angalieni kilichopatikana. Zamani ilifundishwa kwamba figo ya kila mtu inapungua nguvu kadiri anavyozeeka. Mwaka 1985 Shock na wenzake walitoa hesabu za wale waliopimwa miaka mingi: karibu mmoja kati ya watatu, figo yake haikupungua kabisa. Jibu hilo huwezi kulipata kwa kupima wazee siku moja na kurudi nyumbani. Lazima umfuate mtu yule yule.

Kwetu mzee akivimba miguu anaambiwa "ni uzee tu", na habari inaishia pale. Nasi wenye lisansi, ku maulizo yetu ya vijijini, tunaandika ukubwa wa shamba, aina ya mbegu, idadi ya mbuzi. Mama wa miaka 70 anayelima ile shamba, afya yake haina fasi mu karatasi yetu. Kuongeza mistari miwili mitatu hakuombi pesa nyingi. Kumrudilia yule mama kila mwaka, hapo njo pesa inatakiwa, na kutoka 1958 mpaka 1985 ni miaka 27. Mu wafanyabiashara wetu wa Goma, Butembo ao Lubumbashi, mnamjua mmoja anayeweza kungoja hivyo?