Wimbo wa Maria

Wimbo wa Maria, uitwao pia Magnificat kwa Kilatini, ni utenzi wa sifa katika Injili ya Luka 1:46–55. Maria, mama wa Yesu, anauimba nyumbani kwa Zakaria, katika nchi ya milima ya Yudea, baada ya kusalimiwa na jamaa yake Elisabeti, mke wa Zakaria. Mtoto wa Maria hajazaliwa bado. Hata hivyo, mama huyu anataja wenye njaa kushibishwa na wakuu kushushwa kana kwamba yote yamekwisha kutimia. Humo ndimo ilimo nguvu ya tumaini lake kwa Mungu. Utenzi unafanana sana na sala ya Hana (1 Samweli 2:1–10). Wakatoliki huusali kila siku katika Masifu ya Jioni, Waanglikana katika Sala ya Jioni, Waorthodoksi asubuhi. Martin Luther aliuandikia ufafanuzi mwaka 1521.