Mshahara wa mtu wa usafi: mambo ya kujua kabla hujasaini na kampuni

Leo tuongee kuhusu hii kazi ya kudeki na kufagia maofisini, benki, lodge, hospitali na kule migodini. Hapa Nyasubi vijana wengi wanaingia kazini kwa mlango huo, na wengi wanasaini karatasi bila kuisoma. Wengine hata karatasi hawapewi, wanaambiwa tu "njoo kesho na ndala."

Swali la kwanza la kujiuliza ni hili: bosi wako ni nani hasa? Siyo yule unayemsafishia. Siku hizi ofisi na migodi mingi inatoa kazi ya usafi kwa tenda, na aliyeshinda tenda ndiye mwajiri wako kisheria. Unaweza kushinda kutwa nzima ndani ya geti la mgodi, ukavaa buti na kofia ngumu kama wenzako, lakini jina lako halipo kwenye daftari la mgodi.

Hilo lina bei yake. Tanzania haina kima cha chini kimoja kwa sekta binafsi, kinapangwa kisekta kwa Amri ya Mshahara. Amri iliyoanza Januari 2023 iliweka 500,000 kwa mwezi kwa kampuni zenye leseni kubwa za uchimbaji. Sekta ambazo hazikutajwa kwa jina ziliwekewa 150,000. Sasa mkandarasi wa usafi anakwambia yeye hana leseni ya madini, kwa hiyo anajihesabu kwenye hizo 150,000. Watu wawili geti moja, vumbi moja, mmoja ana mara tatu na zaidi ya mwenzake! Serikalini nako ni vilevile: kima cha chini kilipanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025, lakini mfagiaji wa mkandarasi kwenye ofisi hiyo hiyo ya serikali hakuguswa, kwa sababu yeye yuko sekta binafsi.

Zile namba za 2023 zilikoma Desemba 2025. Oktoba 2025 Waziri Ridhiwani Kikwete alitangaza Amri mpya, wastani wa sekta binafsi ukapanda kutoka 275,060 hadi 358,322, kuanzia Januari 1, 2026. Angalia hapo: huo ni wastani. Usiende kwa bosi ukidai 358,322 kwa sababu umeisikia redioni. Tafuta jedwali la Amri, soma mstari wa sekta yako, uprinti. Lakini kama mwaka 2026 bado unapokea 150,000 ile ile ya zamani, basi una haki ya kuuliza kwa sauti.

Saa za kazi ndipo pesa nyingi inapopotelea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku, siku 6. Zikizidi hapo ni ovataimu, na inalipwa mara moja na nusu. Tupige hesabu kwa ile 150,000 ya zamani. Mwezi unahesabiwa wiki 4.333, kwa hiyo saa moja ilikuwa kama sh 769, na ya ovataimu kama 1,154. Mtu wa usafi anaingia saa 11 alfajiri ili ofisi ifunguliwe ikiwa safi, anatoka saa 10 jioni, ana saa moja ya kupumzika. Hizo ni saa 10 kwa siku, 60 kwa wiki. Saa 15 za ziada kila wiki ni kama 75,000 kwa mwezi. Nusu ya mshahara mzima! Na hapo sheria imeshavunjwa mara ya pili, maana ovataimu haitakiwi kupita saa 50 katika wiki nne.

Ile saa ya alfajiri nayo ina nyongeza. Usiku kisheria ni kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi, na kila saa ya usiku inaongezewa asilimia 5. Kwa mshahara huu ni hela ya pipi, lakini kwa anayefanya shifti nzima ya usiku inajumlika. Sikukuu au siku yako ya mapumziko ni malipo mara mbili.

Makato: NSSF ni asilimia 20 kwa jumla, na wewe hukatwi zaidi ya 10. Ingia mtandaoni au nenda ofisini kwao uone kama michango yako inafika, kwa sababu kukatwa siyo kupelekwa. PAYE haikatwi kwenye kipato cha mwezi kisichozidi 270,000. Ndoo iliyopasuka je? Bosi hawezi kujikatia tu. Lazima upewe nafasi ya kujieleza, ukubali kwa maandishi, na makato yote yasizidi robo ya mshahara wako.

Sasa ule mchezo wa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Wengi wanaamini ukisaini upya unaanza sifuri. Si kweli. Kinga ya kutofukuzwa ovyo inaanza ukitimiza miezi 6 kwa mwajiri huyo huyo, iwe kwa mkataba mmoja au kadhaa. Na kama ulikuwa na sababu za msingi kutegemea mkataba utaongezwa, kutokuuongeza kunaweza kuhesabika kuwa umeachishwa kazi.

Na neno "kibarua" lisikutishe. Sheria ya Taasisi za Kazi inasema mtu aliyemfanyia mwenzake kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi, kwa miezi mitatu, anachukuliwa ni mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Saa 45 kwa mwezi, siyo kwa wiki. Mtu wa usafi anazimaliza ndani ya wiki moja.

Shida kubwa ni ushahidi. Mwajiri anatakiwa kukupa maelezo ya ajira kwa maandishi na salari slipu kila unapolipwa. Hakupi? Nunua daftari, andika kila siku saa uliyoingia na saa uliyotoka, na utunze meseji za malipo ya simu. Ukikwama nenda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ujaze fomu CMA F.1. Umefukuzwa una siku 30. Madai mengine, kama mshahara pungufu au ovataimu, una siku 60. Wengi wanakaa miezi minne wakisubiri bosi aliyeahidi "mwisho wa mwezi," wakifika pale wanaanza kwanza kueleza kwa nini wamechelewa.