Alama Bila Sababu: Historia Fupi ya Uhakiki wa Michezo ya Video

Mwaka uliopita nilialikwa kuwa mmoja wa waamuzi wa shindano la ushairi la wanafunzi. Tulipewa fomu yenye visanduku vitano: vina, mizani, lugha, maudhui na mvuto, jumla yake mia. Nilisoma tungo arubaini kwa siku mbili, nikajaza visanduku, nikatia sahihi. Matokeo yalipotangazwa, msichana mmoja alinifuata akiwa na karatasi yake mkononi. Nilikuwa nimempa alama 68. Akaniambia kwa adabu: "Shikamoo, mwalimu. Naomba kujua, zile thelathini na mbili zimeangukia wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia azidishe bidii, nikaondoka haraka kuliko nilivyopaswa.

Swali lile lilinifuata hadi nyumbani. Huko nilimkuta mpwa wangu akichagua mchezo wa video wa kununua. Hakusoma hata sentensi moja kuhusu michezo iliyokuwa mbele yake. Alitazama namba tu. "Huu una tisini na mbili, mjomba. Ule una sabini na nne, haufai." Nikajiona mimi na fomu yangu. Nikaazimia kuitafuta historia ya namba hizo, kwani niliona kuwa wenzetu wa fani hiyo wamekwisha kuipita njia ambayo sisi wa ushairi tunaianza.

Kabla ya safari hiyo, tuyatazame maneno mawili ambayo sisi wapenzi wa Kiswahili huyatumia kana kwamba ni pacha. Neno *uhakiki* ni la ukoo mmoja na *haki* na *hakika*. Mhakiki ni mtu anayetafuta ukweli wa jambo. Neno *tathmini* ni la ukoo mmoja na *thamani*; anayetathmini anatafuta bei. Yote mawili yametujia kutoka Kiarabu, na yote yana kazi yake. Historia ninayoisimulia ni ya namna tathmini ilivyomzidi nguvu uhakiki katika nyumba waliyojenga pamoja.

Uandishi juu ya michezo ya video ulianza bila makelele. Nchini Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970, Bill Kunkel na Arnie Katz walikuwa na safu yao katika jarida la Video, na mwaka 1981 wakashirikiana na Joyce Worley kuanzisha jarida la Electronic Games. Mwaka huohuo, Uingereza ikapata Computer and Video Games. Waandishi hawa hawakuwa na mapokeo ya kuyafuata. Iliwabidi watafute msamiati wa kueleza sanaa ambayo msomaji haitazami tu, bali anaiendesha kwa vidole vyake.

Namba zilishika kasi katika mji mdogo wa Ludlow, Uingereza. Huko, mwaka 1984, lilizaliwa jarida la Crash, lililowahudumia wenye kompyuta ya ZX Spectrum. Wahakiki wake wengi walikuwa wanafunzi wa shule za palepale mjini. Maoni ya zaidi ya mmoja yalichapwa kwa kila mchezo, kisha zikafuata asilimia: picha, uchezekaji, mvuto, thamani ya fedha, na jumla. Tusizicheke asilimia hizo. Madukani kaseti zilijaa, nyingine zikiwa na jalada la kupendeza na ndani hamna kitu. Mtoto mwenye akiba ya wiki kadhaa alihitaji mtu wa kumwambia ukweli kabla hajaitoa mfukoni. Namba ilikuwa huruma kwa mwenye fedha kidogo.

Japani walikuwa na utaratibu wao, nao ndio unaonivutia kuliko yote. Jarida la Famitsu, lililoanza mwaka 1986, liliwaweka wahakiki wanne mbele ya mchezo mmoja. Kila mmoja aliandika maoni mafupi na kutoa alama isiyozidi 10. Jumla ya juu ikawa 40. Msomaji aliona sauti nne zikiwa zimepangwa bega kwa bega, na zilipotofautiana, tofauti haikufichwa. Ilipita miaka kumi na miwili kabla mchezo wowote haujapata 40 kamili. Wa kwanza ulikuwa The Legend of Zelda: Ocarina of Time, mwaka 1998. Alama hiyo ilikuwa na uzito kwa sababu ilikuwa adimu.

Mfano mwingine ni wa jarida la Edge la Uingereza, lililoanza mwaka 1993. Mwaka 1994 liliupa mchezo wa Doom alama 7 kati ya 10. Mhakiki alisifu mengi, lakini akatamani kwamba mchezaji angeweza kuzungumza na yale madude badala ya kuyapiga risasi tu. Wachezaji wakamcheka, na wengine wanamcheka hadi leo. Hata hivyo, tazama kilichobaki. Ile 7 haikumfundisha mtu lolote. Sentensi yake ndiyo inayojadiliwa baada ya miongo mitatu, kwa sababu iliuliza swali ambalo watunzi wengine wa michezo walikuja kulijibu: je, lazima kila mgeni auawe?

Mageuzi makubwa yalikuja mwaka 2001, ilipofunguliwa tovuti ya Metacritic. Kazi yake ni kukusanya alama za wahakiki wengi, kuzigeuza ziwe za kipimo cha mia, na kutoa wastani mmoja. Vyombo havipewi uzito sawa katika wastani huo, na viwango vya uzito havitangazwi. Hapa ndipo sauti zilipofungwa katika kifurushi. Aliyeandika maneno elfu mbili kwa kusitasita na aliyeandika mia tatu kwa hasira, wote wakawa tarakimu katika hesabu moja. Famitsu iliwaweka wanne waonekane wakitofautiana. Wastani unamzaa mtu wa tano ambaye hajawahi kucheza mchezo wowote.

Kisha namba ikaingia katika mikataba. Mwaka 2010 kampuni ya Obsidian Entertainment ilitoa Fallout: New Vegas. Miaka miwili baadaye, mmoja wa wakuu wake, Chris Avellone, alieleza hadharani kwamba kampuni haikuwa na mrabaha katika mauzo ya mchezo huo. Ilikuwa na ahadi ya bonasi iwapo wastani wa Metacritic ungefika 85. Ulifika 84. Hakuna mhakiki hata mmoja aliyekaa chini akaamua kuwanyima watu wale jasho lao. Kila mmoja alitoa alama yake kwa nia yake, na kila mmoja akalala usingizi. Alama moja tu, kati ya mia, ikabeba mzigo ambao hakuna aliyekusudia kuitwisha.

Upande wa pili wa kalamu nao uliumia. Mwaka 2007 Jeff Gerstmann, mhariri wa GameSpot, aliupa mchezo wa Kane & Lynch: Dead Men alama 6 kati ya 10, wakati tovuti hiyohiyo ilikuwa imepambwa kwa matangazo ya mchezo huo. Punde akafukuzwa kazi. Kampuni ilikana kwamba matangazo yalihusika; mwaka 2012, alipokuwa huru kusema, Gerstmann alieleza kwamba shinikizo la watangazaji lilikuwepo. Ukisoma uhakiki wenyewe, utaona hoja zinazoweza kujibiwa kwa hoja. Lakini anayenunua matangazo hajibu hoja. Anaiona 6.

Wapo waliojaribu kujinasua. Eurogamer iliacha alama mwaka 2015, ikatumia maneno machache ya kupendekeza au kuonya, nayo ikatoka katika hesabu za Metacritic. Lakini mwaka 2023 ikarudi, safari hii kwa nyota tano. Siwalaumu. Msomaji mwenye haraka na mfuko mwepesi bado yupo, kama yule mtoto wa miaka ya 1980 mwenye akiba yake, na ana haki ya kujibiwa upesi.

Sisi tunapaswa kulielewa jambo hili kuliko wengi, maana neno *mizani* kwetu ni chombo cha kupimia uzito na pia ni hesabu ya silabi katika mshororo. Tangu kale tunahesabu. Sheikh Kaluta Amri Abedi alituwekea sheria za kutunga katika kitabu cha mwaka 1954, na hakuna ubaya katika hesabu hiyo. Lakini kila mshairi amewahi kuliona shairi lenye nane kwa nane, vina vyote vimetulia, nalo halina pumzi. Hesabu hutuambia kwamba mshororo umetimia. Kama umesema kitu, hilo hatuna budi kulieleza kwa maneno.

Niliomba namba ya simu ya shule, nikaitafuta tena karatasi ya yule msichana. Nilikaa nayo jioni nzima. Sababu za alama kumi na tisa nilizipata: ubeti wa tatu umeacha mada, na kina cha kati kimelazimishwa mara mbili. Alama kumi na tatu sikuziona zilikodondokea. Nadhani nilikuwa nimechoka, na utungo wake ulikuwa wa thelathini na saba katika rundo. Nikamwandikia ukurasa mzima, nikakiri hilo, na mwisho wake nikaweka ubeti huu:

*Nambari ni kitu duni, neno likikosekana,*
*Hupimwa kwenye mizani, jambo lisilo maana,*
*Hebu sema kwa yakini, sababu ya kuinena,*
*Alama bila sababu, ni debe lisilo kitu.*

Amenijibu kwa beti tatu. Katika ubeti wa pili ameniwekea alama: 81.