Kutoka Mlango wa Msaada Hadi Karakana

Ukishuka kutoka katikati ya Bukavu, mashariki mwa Kongo, kupitia mtaa wa Nguba, barabara inakupeleka mtoni utake usitake. Ziwa Kivu linabaki kushoto kwako, nyuma ya nyumba za ghorofa na kuta za mawe, na mbele yako Ruzizi inatoka ziwani kuanza safari ya kwenda Tanganyika. Hapo ndipo penye daraja la Ruzizi ya Kwanza na forodha, na ng'ambo ni Rwanda. Tangu alfajiri watu wanavuka na mizigo kichwani, mgongoni na mabegani. Mahali ambapo riziki hubebwa namna hiyo, kupoteza mguu ni sawa na kuunguliwa na duka.

Kwa hiyo swali ninalolifuata hapa si la nani humpa mlemavu unga au sabuni. Bukavu haijawahi kukosa watu wa kutoa. Ninauliza ni nani anayemshika mkono mtu huyo pale alipopewa unga, akamfikisha mahali atakapofundishwa kushona, kuchonga au kufinyanga, na lini kazi hiyo ya kumfikisha ilianza kufanywa. Kwa macho yangu, historia yote ya jambo hili iko katika mwendo ule mfupi kati ya milango miwili.

Mwanzo wake upo hapahapa mtoni. Septemba 1914 Wajerumani waliteka kisiwa cha Idjwi, na ziwa likawa uwanja wa vita. Aprili 1916 brigedi ya kusini ya Force Publique, jeshi la koloni ya Kongo ya Ubelgiji, chini ya Frederik Olsen, ofisa kutoka Denmark, ilivuka Ruzizi na kuingia Shangugu, mji unaotazamana na Nguba. Safari yao iliishia Tabora, iliyotekwa tarehe 19 Septemba mwaka huohuo. Nyuma ya askari walikuwapo wapagazi, na idadi inayotajwa mara nyingi kwa vita vyote ni watu 260,000. Walibeba risasi, mchele na vipande vya mizinga kwa miguu mitupu. Waliorudi, wengi walirudi na vidonda, viungo vilivyokatwa na mapafu mabovu.

Wakati huohuo Wabelgiji hao hao walikuwa wanafanya jambo jipya kabisa Ulaya. Mwaka 1915, kule Port-Villez nchini Ufaransa, karibu na mto Seine, jeshi la Ubelgiji lilifungua shule ya ufundi kwa majeruhi wake wazito. Walioanza waliwajengea wenzao mabanda ya mbao. Zaidi ya kazi 40 zilifundishwa: useremala, ushonaji, ufundi chuma, uchapaji, ukulima, hata kazi za ofisini. Askari aliyekatwa mkono hakuachiwa aamue kama ataenda au hataenda. Alitoka hospitalini akiwa bado chini ya amri ya jeshi, na amri ilimpeleka karakana. Inaweza kuonekana ukali, na ulikuwa ukali kweli, lakini tazama kilichokuwa ndani yake: aliyemtibu, aliyemlisha na aliyemfundisha walikuwa mkono mmoja. Hapakuwa na pengo la kupotelea.

Kwa mpagazi wa Kivu hapakufunguliwa Port-Villez ya pili. Serikali iliyowapeleka majeruhi karakana na iliyowapeleka wapagazi vitani ilikuwa moja, na vita vilikuwa vimoja. Nimeusoma ukurasa huu mara nyingi na bado unaniuma.

Miaka zaidi ya 30 ilipita kabla koloni halijaandika jambo lolote la maana juu ya Mwafrika aliyeumia kazini. Wakati huo dhahabu ilichimbwa Kamituga, kwinini na chai zilistawi kwenye vilima, na Bukavu, iliyokuwa ikiitwa Costermansville, ilijaa makarani, madereva na vibarua. Sheria ya fidia ya 1949 ilihusu wafanyakazi Waafrika peke yao, maana Wazungu walikuwa na yao. Liliundwa Fuko la Ulemavu, na baadaye, mwaka 1956, pensheni. Tarehe 29 Juni 1961, mwaka mmoja tu baada ya uhuru, mifuko hiyo ilikusanywa pamoja ikawa INSS, taasisi ya hifadhi ya jamii, ambayo leo inaitwa CNSS. Miaka mitatu baadaye, Juni 1964, serikali iliunda INPP, taasisi ya kufundisha kazi. Kwa hiyo kufikia katikati ya miaka ya 1960 nchi ilikuwa na mlango wa fedha na mlango wa ufundi, kila mmoja na muhuri wake. Mtu aliyekatwa vidole mgodini alipimwa ulemavu wake, akalipwa, faili likafungwa. Na huyo ndiye aliyebahatika, kwa sababu mfuko ulimjua mwenye mwajiri na mshahara ulioandikwa. Mama wa Nguba anayewabebea wengine mizigo hakuwamo kabisa katika daftari hilo, wala mtoto aliyepooza kabla hajaanza kutembea.

Mtoto huyo ndiye aliyekuja kubadilisha mambo.

Mwishoni mwa Februari 1958, kwa hofu ya polio, madaktari wa koloni waliingia bonde la Ruzizi na chanjo ya Hilary Koprowski. Watu waliitwa kijiji kwa kijiji, wakapanga mstari, kila mmoja akafungua kinywa na kupuliziwa dawa. Kwa muda wa majuma sita hivi zaidi ya watu 200,000 walichanjwa, na kazi hiyo ikawa mojawapo ya kampeni kubwa za kwanza duniani za chanjo ya polio ya kinywani. Lakini chanjo haimnyooshi aliyekwisha kupooza. Katika milima ya pande zote mbili za mto walibaki watoto waliotambaa, waliobebwa mgongoni na mama hadi mama akachoka, wakaketishwa uani.

Mwaka 1960 padri Mbelgiji, Joseph Fraipont, aliwakusanya watoto kama hao Gatagara, kusini mwa Rwanda, katika nyumba aliyoiita Makao ya Bikira wa Maskini. Baadaye alichukua uraia wa Rwanda na jina la Ndagijimana, na akafa mwaka 1982 akiwa mtu wa huko. Pale Gatagara mtoto alifungiwa vyuma vya miguu, akafundishwa kutembea, akaingia darasani, na wakubwa wakaenda kwenye karakana. Vyungu vya Gatagara vikapata jina nchini. Ninavipenda kwa sababu mfinyanzi hahitaji miguu yenye nguvu akishaketi vizuri, anahitaji viganja na subira, na yule aliyeamua kufundisha ufinyanzi alianza kwa kuhesabu kile ambacho mtoto bado anacho.

Upande wa Kongo kituo cha namna hiyo ni Heri Kwetu, cha Jimbo Kuu Katoliki la Bukavu. Hakuna anayehitaji kutafsiriwa jina hilo. Mlemavu aliyezoea kuambiwa kwamba yeye ni mkosi wa nyumba, hapa anapokelewa na kibao kinachosema kinyume. Humo kuna matibabu ya viungo, karakana ya miguu bandia na vyuma vya kutembelea, shule, na mafunzo ya kazi. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu imekisaidia kwa miaka mingi, kama ilivyokisaidia Shirika la Umoja kule Goma. Hakuna amri ya jeshi inayompeleka mtu hapo. Anapelekwa na paroko, na sista wa zahanati, na jirani aliyemwona mtoto wa fulani akirudi anatembea. Ndiyo njia iliyochukua nafasi ya faili la serikali, na kwa muda mrefu haikuwa na nyingine ya kushindana nayo.

Si vibaya kutazama mbali kidogo, ili tusidhani kwamba penye fedha nyingi pengo hili lilizibwa kwa urahisi. Marekani ilianza kugharamia mafunzo ya kazi kwa raia walemavu mwaka 1920. Mwaka 1954 ilipoingiza ulemavu katika hifadhi ya jamii, sheria ilitaka waombaji waelekezwe kwa idara za majimbo zinazofundisha kazi. Kwenye karatasi milango miwili iliunganishwa. Ila mwombaji alipaswa kwanza kuthibitisha kwamba hawezi kufanya kazi, halafu ageuke aoneshe kwamba anaweza kufundishwa kazi. Mtu mwenye akili zake, aliyepigania mafao kwa miaka miwili, hakutaka kuyahatarisha kwa ajili ya kozi. Wachache walifika mwisho wa njia. Mwaka 1999 ilipitishwa sheria nyingine, na safari hii mlemavu alipewa tiketi aichukue mwenyewe hadi kwa mwalimu anayemtaka. Miaka karibu 50 ya kutafuta namna ya kumvusha mtu kutoka ofisi moja hadi nyingine!

Nguba haina mtego huo, kwa sababu haina mafao ya kupoteza. Msaada wa huku umekuwa wa sura nyingine. Huko Goma na katika gati la Kinshasa, forodha kwa miaka mingi iliwapunguzia ushuru wafanyabiashara walemavu, na baiskeli za magurudumu matatu zikawa malori madogo ya mpakani. Msaada ulijigeuza kazi bila mwalimu yeyote. Ninaiheshimu akili hiyo, lakini ni riziki inayoning'inia kwenye hisani ya ofisa wa zamu, na kila mpaka unapofungwa inakatika.

Na mpaka umefungwa mara nyingi. Oktoba 1996 vita viliingia Bukavu na Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa akauawa tarehe 29. Agosti 1998 vilirudi, na Juni 2004 tena. Kila mara risasi na mabomu viliongeza watu wa kukatwa miguu, na kila mara mtandao ule wa maparoko, masista na majirani ulitawanyika, ukashonwa upya.

Kutokana na miaka hiyo likatokea jambo ninaloliona kuwa kubwa kuliko sheria yoyote. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Dakta Denis Mukwege mwaka 1999 kusini mwa mji, ilipokea wanawake walioharibiwa miili kwa ubakaji wa vita. Upasuaji uliwaponya wengi, lakini aliyepona alikuwa hana pa kurudi. Basi matibabu yakaunganishwa na faraja ya nafsi, msaada wa wanasheria na kufundishwa kazi. Kwenye Maison Dorcas mwanamke anayetoka wodini anajifunza kushona, kusuka vikapu, kutengeneza sabuni. Haandikiwi tu karatasi kisha akaachwa apande basi peke yake kwenda asikokujua. Wanaomtibu na wanaomfundisha wanaitana kwa majina. Ni wazo la Port-Villez, bila amri ya jeshi, na safari hii kwa ajili ya mama wa Kivu.

Serikali nayo imesogea. Mwaka 2015 Kongo iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu. Mwaka 2019 wizara ya kuwashughulikia iliundwa na kukabidhiwa Irène Esambo, mwanasheria ambaye mwenyewe anaishi na ulemavu. Tarehe 3 Mei 2022 ikatiwa sahihi sheria ya kuwalinda na kuwaendeleza, baada ya miaka 16 ya kifungu cha 49 cha katiba kukaa bila sheria ya kukitekeleza. Kisha Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, na mabenki yakafunga. Mwenye pensheni yake halali ya CNSS alibaki na kitabu mkononi.

Karakana ya miguu bandia, kwa upande wake, ina kalenda isiyosubiri sheria. Mguu wa plastiki unachakaa baada ya miaka michache. Wa mtoto unakuwa mfupi upesi zaidi, kwa kuwa mfupa wake unakua na mguu haukui. Kwa hiyo aliyefungiwa mguu akiwa na miaka saba atarudi akiwa na tisa, na kumi na mbili, na kumi na sita. Fundi yuleyule atapiga magoti mbele yake na kumpima upya, na wakati plasta inakauka atamuuliza sasa anasoma nini, au anataka kushika kazi gani.