Mzigo wa YIL006w

Njia ya kuujua mzigo huu inaanzia kwenye moyo wa ng'ombe. Mwaka 1982, jijini Munich, timu ya Martin Klingenberg ilimaliza kusoma asidi amino zote 297 za protini inayoingiza ADP ndani ya mitokondria na kutoa ATP. Mwaka huohuo Matti Saraste na John Walker wakaona kuwa ndani yake kipande cha asidi amino kama 100 kinajirudia mara tatu. Ikawa ndiyo alama ya ukoo wa protini wabebaji wa mitokondria. Jenomu ya hamira ilipokamilika mwaka 1996, walihesabiwa wanaukoo 35, wengi wao wakati huo wakiwa hawajulikani wanabeba nini.

Mmojawapo ni YIL006w. Mwaka 2003, Hildyard na Halestrap wa Bristol walifuta jeni yake, wakaona upitishaji wa piruvati umetoweka. Mlango wa piruvati, uliosakwa tangu miaka ya 1970, ukadhaniwa umepatikana.

Lakini ndugu zake walitoa ushahidi mwingine. Flx1, aliye karibu naye kwenye mti wa nasaba, alikwishahusishwa na FAD, na FAD ni ya jamii ya nukleotidi. Mtoto wa nyoka ni nyoka? Huko Bari, Italia, timu ya Ferdinando Palmieri haikutegemea nasaba peke yake, na kwa hilo nawapa heko. Waliwatumia bakteria kuitengeneza protini hiyo kwa wingi, wakaisafisha, wakaipachika kwenye vipovu vya utando wa mafuta, kisha wakapima kinachopita kwa kutumia mizigo yenye mionzi. Muda ukitimia, walimimina piridoksali fosfati, aina ya vitamini B6, ambayo huziba njia papo hapo. Mwaka 2006 wakatangaza: mzigo wake ni NAD, naye wa jamii ya nukleotidi. YIL006w ikapewa jina la Ndt1.

Mwaka huohuo Robinson na Kunji wa Cambridge walionyesha kwa nini undugu husema kweli mara nyingi: asidi amino chache tu, katikati ya njia ya protini, ndizo huchagua mzigo, na ndugu wa karibu mara nyingi hufanana kwazo.

Piruvati nayo ilipata wabebaji wake halisi mwaka 2012: protini ndogo za MPC, zisizo za ukoo huu kabisa.

Kwa binadamu, mwenye wanaukoo 53, mti haukutosha. SLC25A51, mbebaji wetu wa NAD, alitambuliwa mwaka 2020, na si jirani wa karibu wa Ndt1. Kilichomtambulisha ni seli zilizofutwa jeni yake: NAD ndani ya mitokondria zao ilishuka.