Mifongo ya Wachagga

Katika miteremko ya kusini ya Mlima Kilimanjaro, maji ya kumwagilia yamekuwa yakiongozwa kwa mifereji iliyochimbwa kwa mkono tangu zamani, kabla ya ukoloni. Wachagga huuita mfereji huo mfongo. Charles New, mmisionari Mwingereza aliyepanda mlima huo mwaka 1871, aliikuta mifereji hiyo ikitiririsha maji mashambani.

Mfongo ulianzia juu, kwenye kijito chenye maji ya kudumu. Hapo wachimbaji walijenga banio la mawe, matope na majani, kisha wakaupitisha mfereji ubavuni mwa mlima kwa mwinamo mdogo mno, maana maji yakienda kasi hula kingo. Penye korongo maji yalivushwa kwa magogo yaliyochongwa kwa ndani. Baadhi ya mifongo ilikuwa na bwawa dogo, nduwa, lililojazwa usiku na kufunguliwa asubuhi.

Banio hilo lilivuja, na kuvuja kwake kulikuwa na faida kubwa: maji yaliyopenya kati ya mawe yaliendelea na safari ya mto, yakawafikia watu wa bonde la chini.

Ukoo ulioanzisha mfongo ndio uliousimamia, chini ya mzee aliyegawa zamu. Haki ya zamu ilikwenda na kazi. Banio liliposombwa na mafuriko au mfereji ulipojaa tope, ilipigwa mbiu ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja, na asiyetokea alitozwa faini, mara nyingi pombe ya mbege, au akanyimwa maji. Ulezi wa kupikia mbege hiyo wenyewe ulistawishwa wakati wa kiangazi kwa maji ya mfongo.

Maji yalikwenda pamoja na kihamba, shamba la nyumbani linalorithiwa. Juu ilibaki miti ya asili, chini yake migomba, na baadaye kahawa iliyoletwa na wamisionari. Chini kabisa magimbi na mboga. Ng'ombe walilishwa bandani na samadi ikarudi kwenye migomba. Udongo uliofunikwa hivyo haukuchukuliwa na mvua kirahisi, na unyevu ulikaa.

Mashamba makubwa ya walowezi yalipoenea tambarare wakati wa Wajerumani na Waingereza, ugomvi wa maji ukaanza. Serikali ikaleta sheria zake, na maji ambayo ukoo uliyaona kuwa jasho la babu zake yakahitaji kibali. Sheria ya mwaka 1974 ilitamka kuwa maji yote ni mali ya umma. Ada zilipoanza kudaiwa miaka ya 1990, wakulima wengi waligoma kulipia mfereji waliouchimba wenyewe, na hoja yao ilikuwa na uzito. Mabanio ya saruji nayo, yaliyojengwa kwa nia njema, yaliziba uvujaji uliowapatia maji watu wa chini.

Leo mifongo mingi imekauka: vijana wamehamia mijini, vihamba vimegawanywa mno, bei ya kahawa imewavunja moyo wakulima. Hata hivyo, mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikitambua kihamba cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 imeruhusu jumuiya za watumia maji. Wazee wanaojua kugawa zamu wangali hai. Jumuiya hizo ziwaweke mbele.